Umio wa Shakuru

Jumatatu, 7 Aprili 2025
Kansa. Ya umio. Ramadhani nzima nilidhani saumu ndiyo inamkondesha mume wangu. Kumbe hata futari ilikuwa haipiti! Daktari Adolphe ametuambia ofisini, mimi na shemeji Hamimu. Shakuru tumemwambia ni kidonda. Kwao ndivyo ilivyo: mgonjwa hatajiwi jina la ugonjwa.

Jumatano, 9 Aprili
Njia mbili za upasuaji. Inayofanyika hapa mjini Buja ni kufungua tumbo na ubavu, umio utoke. Mshono mrefu, maumivu mengi, mapafu huweza kusumbua. Nyingine ni matundu madogo na kamera. Mtu hupata nafuu upesi, lakini timu yenye vifaa inakuja Juni. Nikauliza ipi inaondoa kansa vizuri zaidi. Karibu sawa, akasema Daktari Adolphe, kibaya ni kuchelewa. Angekuwa ndugu yake, angempasua mwezi huu.
Hamimu akaruka: "Apana, Docteur! Mutu hawezi pasuliwa mbavu juu ya kidonda. Atajua!"
Matundu yangetufichia uongo. Nikakubali kungoja.

Ijumaa, 2 Mei
Nimepika wali na maharage, nikasaga, nikachuja. Shakuru kavirudisha vyote. Katoka gereji mikono ina grisi, bado ananitania: "Mama Fatouma, mi sasa ni gari ya tuyau imeziba, mafuta hayapiti."
Nikacheka. Halafu nikaenda uani kulia. Mifupa ya mabega yake inaonekana juu ya shati.

Jumanne, 10 Juni
Kapigwa skana mpya. Daktari mgeni wa ile timu amekataa matundu. Uvimbe umekua, labda utatoka, na kwa kufungua tu.
Labda! Aprili hakuna aliyesema labda. Tumengoja miezi miwili kukwepa kisu, na kisu ni kilekile. Hamimu alisema, lakini mke ni mimi.

Alhamisi, 12 Juni
Daktari Adolphe kagoma: hampasui mtu asiyejua anachopasuliwa. Kamweleza yote, mimi nikiwepo. Shakuru hakulia. Kaomba dossier, faili lake la hospitali, kasoma taratibu, kidole chini ya kila mstari. Kafika tarehe 9 Aprili: familia imechagua kungoja.
"Famille," akasema. Akanigeukia. "Mama Fatouma, siku ile mi nilikuwa wapi?"
Alikuwa nje ya mlango, amenishikia mkoba.
Nimetoka, naandika nimesimama mlangoni. Karatasi ya kukubali upasuaji iko mbele yake, kalamu hajaigusa. Ananiita —