Fuwele Zisizo na Protini

Jumatatu, 3 Machi
Migomba kumi na tisa kabla ya chai. Kata, choma panga motoni lisiambukize, kata tena. Shina likikatwa linatoa usaha wa njano. Bwana shamba hakutuficha: mnyauko wa migomba hauna dawa, ng'oeni mfukie. Hapa Nyakatuntu watu wote wanang'oa. Baba ananifuata nyuma na jembe. Anafukia.

Jumatano, 5 Machi
Mvua. Nimekaa ndani nikiwaza maabara niliyoiacha ng'ambo. Miaka minne nasoma protini moja tu, iliyokaa kwenye utando wa bakteria huyu huyu wa mnyauko anayetumaliza. Ikiganda kuwa fuwele tutajua umbo lake, na pengine namna ya kuizuia. Lakini utando ni mafuta. Kuitoa humo lazima sabuni, na sabuni inaivika koti nene; protini zinashindwa kujipanga. Nimebakiwa na jaribio moja: heptanitrioli. Kemikali ndogo, upande mmoja unapenda maji, mwingine mafuta. Inajipenyeza katikati ya sabuni, koti linapungua. Rehema, mwenzangu wa maabara, ananiangalizia. Profesa anayetusimamia alishasema: Machi ikiisha bila fuwele, mradi unafungwa.

Ijumaa, 7 Machi
Bodaboda hadi Rubwera kutafuta mtandao. Picha kutoka kwa Rehema. Fuwele! Ndefu, zinang'aa kama vipande vya kioo. Nimelia dukani mbele za watu. Nyumbani nimemwonyesha Baba.
"Hiyo ndiyo dawa?"
"Bado, Baba. Ni mwanzo wa kuitafuta."
"Itafika lini?"
"Labda miaka ishirini."
Akanirudishia simu. Akachukua jembe.

Jumatatu, 10 Machi
Rehema amepiga. Wamezipima kwa eksirei. Hakuna protini ndani. Ni heptanitrioli yenyewe imejigandisha. Protini yangu imebaki chini ya tone, tope la kahawia. Siku tatu nimeshangilia takataka. Profesa hakungoja Machi iishe. Barua pepe yake ina mistari minne: mradi umefungwa. Najiona mjinga.

Jumatano, 12 Machi
Nimemgundua Baba. Kuna mgomba nyuma ya jiko, amekuwa akiupunguzia majani ya njano nisione. Nimemfokea. Mimi, kumfokea baba yangu.
"Huu aliupanda mama yako," akasema. "Uache ufe wenyewe."
"Tukiuacha utaambukiza migomba ya majirani."
"Kwa majirani umebaki upi?"
Nikachukua panga. Nimeukata. Hakula mchana, hakula jioni. Sikumwomba msamaha.

Jumapili, 16 Machi
Kanisani wameombea vibanja, mashamba yetu ya migomba. Sikuomba. Baada ya ibada tumepanda maharage palipokuwa na migomba, mimi nachimba, yeye anadondosha mbegu. Aliuliza ile kemikali inaitwaje. Nikamtajia. Akairudia mara mbili, akakosea zote mbili.

Chakula kilikuwa ugali wa unga wa dukani, si ndizi. Tulikula tumekaa mlangoni pa jiko. Kutoka pale sasa, migomba ikiwa haipo, unaiona barabara, mpaka inapokata kona. Nimekulia hapa na sikujua kama inaonekana. Alipita mtu wa Kaisho na baiskeli. Baba akamtambua, akampungia mkono.