Kutwanga Kihispania Kilosa

Kilosa, Jumanne jioni

Mke wangu Rehema,

Hamjambo, wewe na mwanetu? Mimi mzima, ila joto la hapa halina huruma.

Daktari Mcuba anayetufundisha Kihispania sisi tunaowania nafasi ya masomo kwao hutaka tukate kila neno silabi kwa silabi na kukaza inayostahili. Sisi tunakaza ya pili kutoka mwisho, kama tulivyozoea katika Kiswahili. Leo Mama Zuhura, anayetupikia, alikuwa uani akitwanga mpunga, akatucheka: "Wanangu, hata pumba hazijatoka! Mwalimu, hebu litaje tena." Daktari akasema "médico", yaani mganga. Mama akalitwanga: pigo la kwanza zito, mawili mepesi. Nikashika mchi nikafuatisha maneno kumi bila kukosea.

Daktari akanipa mkono. "Wewe utakwenda Havana kusomea uganga."

Miaka minne, Rehema. Wenzangu walipiga makofi, nami nikainama niendelee kutwanga, wasinione uso. Karatasi ya kukubali aliyonipa ipo ndani ya shajara yangu, bado sijatia sahihi. Nangoja mkono wako uniandikie niende au nirudi.

Mpakate mtoto kwa niaba yangu, nanyi mlale salama.

Wako,
Daudi