Ukurasa wa Pili Niliokuficha

Tluway, rafiki yangu,

Ni mimi Boay, karani wa ardhi. Wenzangu wametoka kwenda kula, nimebaki peke yangu ofisini. Nisipoandika sasa sitaandika tena.

Nina hasira, bwana. Naikasirikia ofisi, nakukasirikia hata wewe uliyelala huko. Lakini kwanza najikasirikia mimi, na utajua kwa nini.

Nianze na kiwanja chako. Siku ile tunakubomolea tuliambiwa pale itasimama nyumba ya kisasa, tofali za saruji, ya kupendezesha senta yetu ya Karatu. Huu ni mwaka wa tatu. Pana msingi tu! Saruji haipatikani. Huyo aliyepewa kiwanja ana kibali cha saruji mfukoni, lakini kibali hakichanganywi na mchanga. Mbuzi wa jirani wanazalia humo. Tulivunja vyumba sita vya udongo vilivyokuwa vinalaza watu, ili mbuzi wapate pa kuzalia.

Na wapangaji wako? Mwalimu analala stoo ya shule. Wale vijana wa gereji wamejijengea vibanda kule korongoni, na wengine wamewafuata. Hakuna njia, hakuna choo, mvua ikinyesha maji yanapita mlangoni. Sisi ndio tuliosema tunazuia watu kujenga ovyo. Watu hawakuacha kuja mjini, Tluway. Walikosa tu pa kukodi.

Sasa nisikilize.

Ile amri iliyokuja kutoka wilayani ilikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza unaijua, nilikuletea mwenyewe: nyumba zote za udongo ndani ya mpaka wa senta zivunjwe baada ya miezi mitatu. Ya pili hukuiona. Ilisema nyumba ya udongo yenye msingi wa mawe, choo cha shimo, na iliyoacha nafasi ya njia, mwenyewe akiandika barua ya kuomba, aachiwe miaka mitano.

Msingi wa mawe ulikuwa nao. Nani anajua kuliko mimi? Mawe yale tuliyabeba wote, na siku ya kukandika ulipoalika watu, mkeo akapika pombe, nilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Choo ulikuwa nacho. Njia uliacha, lori lilipita. Ilibaki barua. Na barua mji huu wote wananiandikisha mimi!

Unakumbuka ulichoniambia kilabuni? "Karani, hiyo kalamu yako imeshajenga choo gani?" Watu wakafa kwa kicheko. Hata yule mzee wa Kimaasai wa Nainokanoka aliyeshuka kuuza ng'ombe, aliyelala kwako, alisubiri atafsiriwe, kisha akacheka kuliko wote. Na mimi nilicheka. Lakini neno hilo nilikwenda nalo nyumbani. Amri ilipofika nikachomoa pini, ukurasa wa pili nikautia kwenye droo.

Ukaniuliza, "Ndiyo yote, Boay?"

Nikasema, "Ndiyo yote."

Kwa nini hukwenda kwa bwana ardhi ukamwuliza mwenyewe? Mdomo wote ule wa kilabuni siku hiyo ulikuwa wapi? Hukwenda kwa sababu aliyekuambia ni rafiki yako. Hilo ndilo linaloniuma.

Ukahamia kwa kaka yako kule juu kwenye baridi, kifua kikakushika, hukushuka tena. Sisemi nilikuua. Na sithubutu kusema sikukuua.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kwa mkeo, Mama Safari. Alikuwa anapukuchua mahindi. Nikamweleza yote, hakuacha kupukuchua. Mwisho akasema, "Karatasi yenyewe unayo?" Nikampa. Akaisoma polepole, akairudia.

Akaniambia, "Shemeji, msamaha leo sina. Nyie si mnakwenda kubomoa kule korongoni mwezi ujao? Wale wamesomewa ukurasa gani?"

Wamesomewa wa kwanza. Mimi ndiye niliyewasomea.

Jana nikamwambia bwana ardhi tuwasomee kurasa zote mbili. Akasema, "Wakijua, senta nzima itakuwa ya udongo." Nikamjibu, "Sasa hivi ni ya msingi na mbuzi, bwana mkubwa." Akaniambia nifikirie kazi yangu. Nimeifikiria. Ana hasira na mimi, na mimi ninayo ya kumpa.

Nakuahidi hivi. Siku ya mnada nitasimama pale watu wanapofungia ng'ombe, niwasomee kurasa zote mbili, kwa Kiswahili na kwa Kiiraqw. Walio ukingoni kabisa mwa korongo nitawaambia kweli, hapo hapafai, maji yatawabeba, wasogee juu. Waliobaki nitawaonyesha mawe yawekwe vipi na njia ipite wapi, na barua nitamwandikia kila mmoja bila kuchukua hata yai. Nitataja na jina lako. Nitawaambia nilichokufanyia.

Wakinifukuza, basi, nitalima.

Sikuombi unisamehe. Ukurasa wa pili nimeuacha kwa mkeo, sikuuomba tena. Amesema siku hiyo atakuja nao, na mimi nitasoma ukiwa mkononi mwake.

Kwaheri, Tluway. Pumzika.

Boay