Nyutroni Niliyoisahau

Jumanne. Mvua imenyesha mtaani kwetu Namuwongo tangu alfajiri, nguo za mwanangu Imani hazijakauka, na bado nina furaha.

Asubuhi nilitoka nyumbani nikiwa nimeamua kuacha fizikia. Nina miaka ishirini na sita, mtoto ananyonya, mume wangu ni askari na kambi yake iko mbali. Wenzangu wa sinia siksi, mwaka wa mwisho wa sekondari, wananiita shangazi. Nilipanga kumwambia mama mkwe jioni. Yeye ndiye anayebaki na Imani, na kibanda chake cha nguo pale sokoni Nakivubo hakifunguliwi mpaka mchana, nikishatoka shule.

Basi mwalimu akaniita ubaoni. Nyutroni moja inagonga urani-235, urani inapasuka, zinatoka bariamu-141, kriptoni-92 na nyutroni tatu. Tafuta uzito uliopungua, kisha nishati iliyotoka.

Nikajumlisha, nikatoa.

Kwenye hesabu yangu, uzito ulikuwa umeongezeka!

Darasa zima likacheka. Mwalimu akawanyamazisha kwa mkono.

"Mpeni nafasi. Mama Imani, hebu tazama tena. Vilivyoingia ni vingapi?"

Nikatazama. Nilikuwa nimeandika urani peke yake. Ile nyutroni iliyogonga nimeiacha nje! Nikaiongeza: kabla, 236.0526, baada, 235.8666. Umepungua 0.1860. Nikazidisha kwa 931.5, nikapata mega-elektrovolti 173, na hiyo ni atomi moja tu iliyopasuka. Nikalipigia jibu mstari mpaka chaki ikakatika.

"Ndiyo hiyo," akasema mwalimu.

Sijui kama yeye anajua alichonipa leo.

Jioni nilimweleza mama mkwe yote, hata kwamba nilitaka kuacha. Alikuwa anamwogesha Imani.

"Hao waliocheka, walikuwa wamelipata jibu?"

"Hapana, Mama. Walilinakili kwangu."

Akacheka mpaka maji yakamwagika sakafuni. Kisha, bila kuniangalia, akasema, "Mimi wateja wangu wameshazoea kunikuta mchana. Usije ukaniharibia utaratibu."

Nikaenda kusimama jikoni peke yangu, nikalia kidogo.

Mungu, asante kwa mwanamke huyu. Hakunizaa, na hajawahi kuniuliza fizikia itanisaidia nini.

Mtihani wa mwisho wa fizikia nitaufanya.