Betri za Fuso Kwenye Ndege ya Mkwe

Bonga, Babati
3 Juni 2024

Mwanangu Aikande,

Salamu. Huku tu wazima, mama yako anaendelea vizuri na miguu, mahindi yamekubali. Natumaini nawe u mzima.

Naandika kwa sababu simu yako sipokei. Ulivyonifokea jana sijawahi kufokewa hata na mama yangu mzazi. Nilikupigia nikufurahishe, kwamba mumeo alikwama kiwanjani Babati na ile ndege ndogo ya chanjo, betri imekufa kabisa. Nikaenda na betri mbili za fuso na waya zangu, nikaibusti, ikawaka mara moja. Marcelino akaruka kwenda Simanjiro, watu wakashangilia. Injini ile ni ya dizeli, na dizeli ni kazi yangu tangu hujazaliwa. Sasa mjini naitwa Fundi Ndege. Bosi wenu mwenyewe amenishukuru, kasema ikigoma tena niitwe mimi. Wewe ukaniambia nataka kukuulia mume.

Kama una neno, andika kwa adabu, barua mpe kondakta wa basi.

Baba yako,
Teodori


Arusha
6 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Mpe mama pole ya miguu. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyoni nawaka.

Adabu nimeshakupa hapo juu, sasa nisikilize. Fuso la zamani likishawaka, unaweza kung'oa betri ukaitupa na bado likafika Dodoma. Ndege hii sivyo. Ni dizeli kweli, bosi aliichagua kwa sababu inakunywa mafuta yale yale ya ndege kubwa, maana petroli ya ndege ni shida kupata. Lakini anayeigawia injini mafuta ni kompyuta, na kompyuta inaishi kwa umeme. Betri iliyokufa hata ukiibusti imekufa tu. Rubani akishusha flapu za mabawa akiwa hewani, umeme ukayumba kidogo, kompyuta inazima na injini inazima nayo. Huko juu hakuna pembeni pa kupaki. Ndiyo maana betri ikifa sisi mafundi wa ndege haturuhusu ndege iruke mpaka ichajiwe au ibadilishwe. Nimemwambia bosi, kanijibu kwamba baba yangu ana akili kuliko mimi.

Usimwashie tena, Baba.

Mwanao,
Aikande


Bonga
10 Juni 2024

Aikande,

Salamu. Sisi tu wazima, hata kama hukutaka kujua.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini naona siku hizi mkuu ndiye anayefundishwa kutembea. Kama kuna hatari, mbona mumeo hakusema? Alisimama pembeni yangu, nikamwuliza, "Niwashe?" Akasema, "Sawa, Baba." Ijumaa alipotua tena alikuja kula hapa, nikamwuliza mbele ya mama yako kama nilikosea. Akasema, "Hapana kosa, Baba." Rubani ni yeye, siyo wewe.

Alhamisi anarudi na chanjo, na betri ni ile ile inayojikongoja. Ikigoma nitaiwasha.

Baba yako,
Teodori


Arusha
11 Juni 2024

Baba, shikamoo. Msalimie mama.

Marcelino aliporudi siku ile ulipomwashia aliniambia kule hewani aliogopa hata kushusha flapu. Nikamwuliza kwa nini hakukataa. Akasema, "Yule ni baba mkwe. Mbele ya watu wote wale ningemwambiaje aondoe waya zake?" Umesikia? Sawa aliyokupa siyo ya rubani, ni ya mkwe. Nimemfokea na yeye. Nimechoka na heshima zenu wanaume. Yeye atakufa kwa heshima, na wewe utamzika kwa heshima, mimi nitabaki na nini?

Yeye hawezi kukukataa. Kataa wewe.

Aikande


Bonga
14 Juni 2024

Mwanangu Aikande,

Mama yako anakusalimu, ni mzima. Mimi nina hasira na sijui nianze na nani.

Jana betri ilikufa. Nilikwenda na betri zangu kwenye pikapu, kwa sababu barua yako iliniudhi na nilitaka kukuonyesha. Watu wamejaa, Fundi Ndege, Fundi Ndege. Nikamwuliza Marcelino, "Niwashe?" Safari hii nilimtazama usoni. Akaangalia chini, jasho linamtoka na baridi hii ya Juni. Akasema, "Sawa, Baba." Nikawaambia wote kwamba injini hii siijui, siiwashi. Wakacheka. Kijana wa bodaboda akasema mzee kaishiwa.

Bosi akapiga simu, akaagiza aitwe Aniceti, fundi wa pale stendi. Aniceti hajakunjua hata waya, mumeo akamsimamia mbele. "Hapana. Ukigusa ndege yangu nakuvunja mkono." Sauti ile sijawahi kuisikia kwake. Bosi akamfukuza kazi kwenye simu hapo hapo. Yeye akafunga mlango wa ndege, ufunguo akatia mfukoni. Chanjo zimeondoka kwa gari.

Kwa hiyo kukataa anajua. Huyo Aniceti mumeo kamkataa bila kupepesa macho, mimi alikuwa tayari kufa ili asinikatae. Njia nzima ya kurudi Bonga sikumsemesha, nilitamani kumzaba kofi. Nani alimwambia nataka heshima ya namna hiyo?

Wakati wa kula nikamwongezea ugali, na nimeona kabisa kwamba ameshiba. Akapokea kwa mikono miwili. Nikapiga meza, nikamwambia arudishe na aniambie hapana. Mama yako akasema nimwache mtoto wa watu. Nikasema haondoki mezani mpaka aseme. Akakaa, ugali ukapoa. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Hapana, Baba."

Nilikasirika, tena sana. Nikauchukua ule ugali, nikaula mimi.

Baba yako,
Teodori