Shika, Sikia

Mama yangu,

Amahoro! Ndivyo wanavyosalimiana huku Rumonge. Kifua chako kinaendeleaje?

Sikio langu jipya limewashwa. Daktari kule Bujumbura alinieleza kwamba ndani wamebana kidude, kidogo kuliko punje ya mchele, kwenye kile kifupa kinachotikisika sauti ikiingia. Kisiposhika vizuri, sitasikia. Basi niko kwa shangazi, nangoja daktari akipime tena Jumatatu.

Leo sokoni muuza ndagala, wale dagaa wetu, alininyooshea wa kukaanga kwenye karatasi, akasema, "Shika, dada!" Mimi nikasikia "sikia". Nikaganda pale kama nguzo, nimetega sikio. Mawese yalikuwa yanatatarika karaini. Nyuma ya vibanda maji yalikuwa yanapiga mchanga polepole. Kumbe hata mawimbi madogo yana sauti, Mama!

"Mbona haushike? Iko moto, inaniunguza!" akanifokea.

Nikacheka mpaka nikatoa machozi. Kicheko kikaisha, machozi yakabaki. Ziwa ni letu hilihili linalofika hapo Kigoma, ila wewe hupo.

Usinipigie simu, tafadhali. Sauti yako sitaki niianzie kwenye simu. Nikifika nitakaa uani, nimekupa mgongo, kama nilivyokuwa nikichambua mchele. Usije kunigusa bega kama miaka yote hii. Simama hukohuko jikoni, uniite.

Mwanao akupendaye,
Zaina