Pakiti ya Manjano Juu ya Mashine ya Mjukuu Wangu

Mpendwa Mshauri Yueh-lan,

Nisaidie upesi, maana daktari ameusikiliza moyo wangu akakunja uso, nami kila nikikumbuka nilichofanya nacheka mpaka muuguzi anakuja mbio. Mimi ni mhandisi mstaafu wa hapa Taichung, maisha yangu yote nimechonga kalibu za chuma za viti vya baiskeli, na adui yangu amekuwa mmoja tu, pale uso mmoja wa kalibu unapokutana na mwingine, kwa sababu kisu cha mashine kikifika mpakani huinuka, kisha hushuka upande wa pili na kuacha mstari kama kovu, ambao mimi niliusugua kwa msasa nikasifiwa mji mzima. Sasa mjukuu wangu Pei-shan, anayechonga kalibu katika karakana ileile, akasema, "Babu, nitaziunganisha nyuso zote mbili kwenye kompyuta, kisu kipite moja kwa moja bila kuinuka." Nikamjibu mbele ya mafundi, "Kisu chako kitaruka tu kama chura, binti!" Wakaangua kicheko. Halafu, Mshauri, aibu yangu hii hapa: baada ya chakula cha mchana, wote wamelaza vichwa mezani kwa usingizi wa mchana, nilinyata na fimbo yangu, nikaondoa pakiti ya kijani ya vitafunio ambayo kwa desturi ya viwanda vyetu huwekwa juu ya mashine ili itii, nikaweka ya manjano, ambayo kila mtu anajua huifanya mashine igome, nikaifunika kwa gazeti.

Mashine haikugoma, kisu kikapita moja kwa moja! Nilipitisha ukucha kwenye kalibu, nikafumba macho, nikapitisha tena, sikujua mpaka uko wapi. Nilitaka kucheza ngoma. Badala yake nikasema, "Ishukuru pakiti ya kijani." Mafundi wakaitikia, "Kweli kabisa, Mzee Liao!" Pei-shan akazima kompyuta yake akatoka. Amepata kazi katika mji wa Tainan, anaondoka Jumamosi akiamini simthamini. Pakiti ya manjano ninayo chini ya mto. Nikisema kweli atanichukia, nisiposema nitakufa nayo. Nifanyeje?

Liao Ting-kuei

*

Mzee Liao,

Pole kwa moyo, lakini pole haikuondolei lawama. Msomi mzima, unanyata na fimbo kumhujumu mjukuu wako kwa vitafunio! Nimecheka hadi chai ikanitoka puani, kisha nikakukasirikia. Mafundi wote wanaisifu pakiti ya kijani, na ni wewe peke yako unayejua kwamba haikuwepo. Ukifa na siri hiyo, umeizika sifa ya mtoto pamoja nawe.

Kesho muuguzi akupeleke karakanani kabla hawajalala mchana. Inua pakiti ya manjano wote waione, useme ulichofanya, na usikohoekohoe ili uonewe huruma. Kisha shika kidole cha Pei-shan, ukiweke kwenye kalibu, umwambie ulichoniandikia mimi: kwamba hukujua mpaka uko wapi. Akinuna, mwache anune. Akienda Tainan, aende akijua. Halafu fungua hiyo pakiti uile yote mbele yao.

Ukimaliza, rudisha ya kijani juu ya mashine. Najua haifanyi kitu. Wewe irudishe tu.